Sawa, Lakini Sawa kwa Kiasi Gani?



Yako maswali ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza huyadhania kuwa ni ya sarufi tu, lakini yakishamkaa moyoni hutambua kwamba ni maswali ya maadili. Swali tunalokusudia kulijadili hapa ni la namna hiyo. Tunaposema kwamba kitu hiki ni sawa na kile, tumesema nini hasa, na tumejifunga kwa ahadi gani mbele ya yule anayetusikiliza? Waingereza wanayo desturi ya kulivika neno lao la usawa vielezi vingi, vingine vya kulizidisha na vingine vya kulipunguza. Kiswahili nacho kina njia zake, wala si zile zile. Mwalimu anayesimama kati ya lugha hizi mbili, na hasa sisi wa huku Busia ambako mtu huvuka mpaka kwenda kununua chumvi, hana budi kuzifahamu njia zote mbili. Kwani asipozifahamu hapotei yeye peke yake, bali huwapoteza na wengine.

Tutaanza kwa kisa, maana ndicho kilichotuzindua.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado wachanga katika kazi ya ualimu, tuliitwa siku moja kwenye baraza lililofanywa chini ya mwembe, tukawe wakalimani. Aliyeliongoza baraza alikuwa afisa mgeni, asiyejua Kiswahili ila maneno ya salamu. Mzee mmoja alikuwa ameibiwa baiskeli usiku. Siku ya nne aliona baiskeli sokoni mikononi mwa kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa ujira, naye kijana huyo alikuwa wa ng'ambo ya pili ya mpaka. Baiskeli ile ilikuwa nyeusi, ina keria ya chuma iliyolehemewa upya na tandiko lililoshonewa gunia. Afisa aliuliza kama ndiyo baiskeli iliyoibwa. Mzee aliizunguka, akaishika usukani, akaitazama sana, kisha akasema: "Baiskeli hii ni sawa na yangu." Nasi, bila kusita, tukafasiri kwa Kiingereza: "It is the same as mine." Afisa akaandika.

Kijana alijaribu kusema kwamba baiskeli zilizotoka duka moja hufanana. Mtu mmoja katika umati akasema kwa sauti: "Watu wa ng'ambo ni wenzetu, lakini si wenzetu kabisa." Watu wakacheka, na maneno ya kijana yakapotelea katika kicheko hicho. Alilala mahabusu siku mbili, kisha akarudi kwao kwa miguu. Baiskeli ikakabidhiwa mzee.

Wiki mbili zikapita. Mzee akampelekea fundi baiskeli ile aitengeneze kanyagio. Fundi alipoipindua alisoma namba iliyogongwa chini ya fremu, na mzee, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhifadhi mambo yake, akaenda nyumbani kuleta risiti. Namba zilikuwa mbili mbalimbali. Jioni ile mzee alikuja kwetu. Hakugomba. Alisema tu: "Mwalimu, mimi sikusema kuwa ndiyo. Nilisema ni sawa na yangu. Wewe ulisema nini?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyevuka mpaka na baiskeli ile, akaulizia katika soko la kwanza na la pili, na katika soko la tatu akamkuta kijana. Alituambia baadaye kwamba kijana aliipokea, akahesabu kwa vidole siku alizokaa bila kazi, zikawa kumi na tisa, kisha akashukuru. Sisi hatukuitwa popote kujibu. Lakini swali la mzee tumekaa nalo hata leo, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba sentensi yetu ya Kiingereza haikuwa ya uongo. Mwingereza yeyote angeweza kuisema hivyo na kumaanisha alichomaanisha mzee. Tatizo ni kwamba angeweza kuisema vile vile na kumaanisha alichoandika afisa. Neno "same" la Kiingereza hubeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni umoja wa kitu chenyewe: kitu kilichoonekana jana na kitu kinachoonekana leo ni kimoja, si viwili. Mzigo wa pili ni mfanano wa vitu viwili: kiko hiki na kiko kile, lakini vina sura moja, au kipimo kimoja, au thamani moja. Ukimwambia Mwingereza kwamba ndugu wawili wana "the same bicycle", hajui kama ni baiskeli moja wanayopokezana au ni mbili zilizotoka kiwanda kimoja. Mpaka aulize. Wajerumani waliona hatari hii, na walimu wao huwafundisha watoto kutenganisha "dasselbe", yaani kile kile, na "das gleiche", yaani kilicho mfano wa kile, ingawa katika mazungumzo ya kila siku wengi huchanganya.

Kiswahili kimezitenganisha maana hizi kwa uwazi zaidi, wala hatujivunii kama inavyotupasa. Kwa umoja wa kitu chenyewe tunacho kiashiria kilichorudiwa: ile ile, yule yule, pale pale. Tena tunacho kile kitenzi kishirikishi kidogo chenye nguvu nyingi, ndi-. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake tofauti iliyopo baina ya "Huyu ni mwizi" na "Huyu ndiye mwizi." Sentensi ya kwanza yataja sifa ya mtu: ni mmoja miongoni mwa wezi. Sentensi ya pili yamnyoshea kidole: yule tuliyekuwa tukimtafuta, ni huyu, wala si mwingine. Mtu aweza kutamka ya kwanza kwa kujua tabia ya mtu. Ya pili haifai kutamkwa ila na aliyeona. Mzee wetu alilijua jambo hili bila ya kusomeshwa sarufi. Alikuwa nayo "ndiyo" kinywani, akaizuia, akachagua "sawa na".

Kwa upande wa mfanano, Kiswahili kimegawa kazi baina ya maneno mengi. Vitu hufanana kwa sura. Hulingana kwa kipimo au kwa daraja. Watoto wawili hutoshana kwa kimo. Timu mbili hutoka sare. Jambo huwa mithili ya jingine, au mfano wake, au huwa kama hilo. Na mtu asiyejali huwa kwake ni mamoja. Kwa hiyo mara nyingi msikilizaji wa Kiswahili, kabla hajauliza sawa kwa kiasi gani, amekwisha kuambiwa sawa katika jambo gani: katika sura, katika kimo, katika thamani. Hapa ndipo tunapoona njia za lugha hizi mbili zinapoachana. Kiingereza aghalabu huchukua neno moja na kulipima kwa vielezi. Kiswahili aghalabu huchagua kitenzi au jina linalotaja upande wa mfanano, kisha, ikihitajika, huongeza kielezi. Hatusemi kwamba Mwingereza hawezi kutaja upande, wala kwamba Mswahili hawezi kupima kiasi. Twasema tu kila mmoja ana mlango anaopenda kuingilia.

Tuvitazame basi vielezi vya Waingereza, maana wanafunzi wetu hujikwaa hapo. Husema "exactly the same" wanapotaka kusema sawa kabisa, bila upungufu. Husema "the very same" wanapokusudia kitu kile kile hasa. Na neno "very", kwa asili yake katika Kifaransa cha kale, lilikuwa na maana ya kweli, kwa hiyo ni kama kusema kile kile cha kweli. Husema "almost the same" na "nearly the same" pakiwa na upungufu mdogo. Mpaka hapo hakuna taabu. Taabu huanza kwa "much the same". Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba "much" ni sana hudhani kwamba maana yake ni sawa sana, yaani zaidi ya sawa. Kumbe ni kinyume: Mwingereza hapa anapunguza, anasema mambo hayajabadilika sana, yanakaribiana. Kisha husema "not exactly the same", na mara nyingi, kwa adabu yao, maana yake ni kwamba vitu hivyo ni tofauti waziwazi. Tena husema "all the same", na hapo huenda wasiwe wanazungumzia usawa hata kidogo, bali wakasema "hata hivyo".

Kiswahili nacho kina mitego yake kwa mgeni. Kurudia neno kwetu mara nyingine hukaza na mara nyingine hulegeza. "Sawasawa" hukaza. "Ile ile" hukaza. Lakini "hivyo hivyo", mtu akiulizwa habari zake, huweza kuwa na maana ya wastani, si nzuri wala si mbaya. "Vilevile" imetoka katika usawa wa namna ya kutenda ikawa na maana ya pia. Na "sawa" yenyewe imekuwa jibu la kila jambo. Mwanafunzi husema "sawa, mwalimu" naye hajakubali wala hajaelewa. Ameonyesha heshima tu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba lugha yetu imetukinga na kosa. Imetupa vyombo vizuri. Kuvitumia ni juu yetu.

Sasa tuliinue swali kidogo juu ya sarufi. Je, kuna vitu viwili vilivyo sawa kabisa, hata visihitaji kielezi cha kupunguza? Mwanafalsafa Leibniz wa Ujerumani alishikilia kwamba hakuna. Katika barua alizoandikiana na Clarke wa Uingereza mwaka 1715 na 1716, alisimulia jinsi bwana mmoja katika bustani ya Herrenhausen alivyoamini kwamba angepata majani mawili yasiyo na tofauti, akayatafuta mbele ya binti mfalme Sophia, asiyapate. Hoja ya Leibniz ilikuwa kwamba vitu viwili visivyotofautika kwa lolote havingekuwa viwili, bali kimoja. Tukiikubali hoja hiyo, basi kila tusemapo kwamba vitu viwili ni sawa, ndani ya neno letu mna "karibu" iliyojificha, ama mna "kwa upande fulani" tusiyoitaja.

Wazee wetu wa huku hawakuhitaji bustani ya Herrenhausen kulifahamu hilo. Walikuwa na pacha. Miongoni mwa Wajaluo na Wapadhola wa Tororo, pacha wa kwanza kuzaliwa huitwa Opio, au Apio akiwa wa kike, na wa pili huitwa Odongo au Adongo. Baadhi ya Waluhya huwaita Mukhwana na Mulongo. Watoto hao wametoka tumbo moja, siku moja, nao huenda wakafanana hata mama akababaika gizani. Hata hivyo hawakupewa jina moja. Desturi imeona kwamba mfanano, hata uwe mkubwa namna gani, haugeuki kuwa umoja. Pacha wawili ni sawa. Si yule yule.

Na kinyume chake pia ni kweli: umoja waweza kudumu hata mfanano ukitoweka. Plutarch wa Ugiriki aliandika habari za merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ingali ile ile. Sisi hatuna haja ya merikebu. Hapa mpakani ndipo inaposemwa kwamba lilizaliwa jina la boda boda, kwa wale waliobeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Mwulize mwenye baiskeli ya miaka kumi: mnyororo umebadilishwa mara tatu, tairi hazihesabiki, rimu ni mpya, usukani umetoka katika baiskeli ya marehemu mjomba. Naye atakujibu bila kusita kwamba ni ile ile. Kwa nini? Kwa sababu fremu ni ile, na juu ya fremu pana namba, na juu ya namba pana historia ya mtu aliyeitunza. Kumbe "ile ile" haiulizi sura. Yauliza safari: kitu hiki kimetoka wapi, kimepita mikono ya nani, na je, safari hiyo imekatika mahali? Ndiyo maana katika kisa chetu rangi na keria na tandiko havikuweza kuthibitisha lolote, na namba moja chini ya fremu ilithibitisha yote.

Mji wetu umetufundisha somo hili kwa mifano mikubwa kuliko baiskeli. Tuitazame shilingi. Tangu mwaka 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi ya Afrika Mashariki. Mtu aliyevuka mpaka alikuwa na haki ya kusema kwamba shilingi ya huku na ya kule ni ile ile. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa shilingi yake. Zilianza zikiwa na thamani moja, na hapo usemi wa haki ukawa: shilingi hizi ni sawa. Baadaye zikaachana. Mwaka 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya, moja kwa mia za zamani; na katika miaka hii ya karibuni shilingi moja ya Kenya imebadilishwa kwa zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Sasa usemi wa haki ni: jina ni moja, basi. Ile ile, sawa, jina moja: hatua tatu za kutengana, na kila hatua ina neno lake. Mfanyabiashara anayechelewa kubadili neno lake hupata hasara jioni ile ile.

Ama kuhusu watu, jambo limekwenda kinyume. Mnamo Aprili 1, 1902, Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Watu waliolala katika nchi moja waliamka katika nyingine, na nyumba zao hazikusogea hata hatua moja. Wasamia wakawa pande mbili. Wateso wakawa pande mbili. Walakini shangazi alibaki kuwa shangazi yule yule, na mahari iliyosalia ilibaki kuwa deni lile lile. Shilingi zilikuwa moja zikawa nyingi. Watu walitiwa katika nchi mbili nao wakabaki jamaa moja. Anayetazama sura ya nje ya mambo, yaani jina la sarafu na rangi ya bendera, atakosea katika yote mawili.

Hapa yatupasa kukabili hoja ya mpinzani. Atasema: kama kila usawa una upungufu wake, basi njia salama ni kutia kielezi kila mara. Tuseme karibu, tuseme takriban, tuseme kwa kiasi fulani, na hapo hatutashikwa kwa uongo kamwe. Twakiri kwamba hoja hii ina mvuto. Lakini nendeni sokoni mkaitazame gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi na maharage. Muuzaji mmoja hujaza mpaka ikafanya kilima. Wa pili husawazisha kwa kiganja. Wa tatu ameugonga mkebe chini ukabonyea kwa ndani. Ukimwuliza huyo wa tatu kama mkebe wake ni sawa na wa wenzake, atakujibu kwa tabasamu: "Ni karibu sawa." Hajasema uongo. Lakini "karibu" yake haikutajwa ili ijulikane upungufu uko wapi. Imetajwa ili usiutafute.

Kwa hiyo twaona kwamba vielezi vya usawa ni vya aina mbili, wala sarufi haiwezi kuvitenganisha. Kuna kielezi kinachopima, na kuna kielezi kinachoficha. Njia ya kuvitambua ni moja: mwulize msemaji, "Kilichopungua ni nini?" Anayepima atakuambia: zinalingana kwa urefu, lakini hii ni nzito zaidi, lugha hizi zinaelewana sokoni, lakini tahajia zake ni tofauti. Anayeficha atarudia kielezi chake kwa sauti ya juu zaidi. Mkazi wa Tororo akikuambia kwamba Kipadhola na Kijaluo vinakaribiana sana, naye akakutajia maneno yanayopatana na yanayoachana, huyo amepima. Mwenye kukuambia tu kwamba ni mamoja, au kwamba havihusiani, amekunyima elimu aliyonayo.

Lakini je, hakuna usawa usiotaka kielezi kabisa? Upo, na hili ndilo jambo zito kuliko yote tuliyoyataja. Tunaposema kwamba binadamu wote ni sawa, kama lilivyotamka Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 na kama lilivyotanguliza Azimio la Arusha la mwaka 1967 katika imani zake, hatudai kwamba tumewapima watu kwa kimo, nguvu au akili tukawaona wametoshana. Hilo lingekuwa si kweli, na vidole vya mkono mmoja vyatosha kulikanusha. Tunachofanya ni kuweka ahadi: kwamba kila mmoja atasikilizwa, na hakuna atakayehesabiwa kuwa pungufu kabla ya kusikilizwa. Kipimo huweza kuwa karibu. Ahadi haiwezi. Ahadi ya karibu si ahadi. George Orwell alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa jina la Shamba la Wanyama: kuporomoka kwa jamii ya wanyama wale kunatimia pale sheria ya usawa inapoongezewa maneno machache ya kuwazidishia wengine usawa kuliko wenzao. Wakubwa wale hawakuhitaji kulifuta neno sawa. Waliliwekea kipimo, na hilo lilitosha.

Sasa twaweza kurudi chini ya mwembe. Tukilitazama baraza lile kwa macho ya leo, twaona kwamba kijana wa ng'ambo aliumizwa na makosa mawili, yote ya vielezi. Kosa la kwanza lilikuwa juu ya baiskeli. Hapo ndipo palipohitajika kupima: sawa kwa rangi, sawa kwa umbo, lakini namba haijatazamwa. Tukaliacha neno la Kiingereza likiwa tupu, na afisa akalijaza kwa maana aliyoitaka. Kosa la pili lilikuwa juu ya kijana mwenyewe. Hapo hapakuhitajika kielezi chochote. Alikuwa mtu mbele ya baraza, basi. Lakini umati ukatia "kabisa" yake: wenzetu, lakini si wenzetu kabisa. Kielezi kikakosekana kilipodaiwa, kikatiwa kilipokatazwa. Mpaka ulio katikati ya mji wetu haukutenda makosa hayo. Tuliyatenda sisi, kwa vinywa vyetu.

Leo mambo mengi mpakani yamebadilika. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwezi wa Julai 2010, na miongoni mwa misingi yake ni kutowabagua raia wa nchi wanachama kwa sababu ya utaifa wao. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili mwezi wa Februari 2018, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Haya ni mema. Lakini itifaki huandikwa kwa maneno, na maneno hufasiriwa na watu, na watu hao walipitia madarasani mwetu. Anayeketi leo nyuma ya dirisha la forodha, au anayesimama mahakamani kufasiri ushahidi, aliwahi kuwa mtoto aliyeinua mkono akamwuliza mwalimu: "Baiskeli moja au mbili?" Ikiwa mwalimu alimjibu kwamba swali hilo halimo katika mtihani, basi madhara yake yatakuja kuonekana mbali na shule, na juu ya mtu asiyehusika.

Tunapendekeza basi mambo matatu madogo. Kwanza, tunapofundisha kufasiri, tuwazoeze wanafunzi kuuliza kabla ya kuandika: usawa huu ni wa kitu chenyewe, au ni wa mfano wake? Kama msemaji yupo, na aulizwe, si aibu kwa mkalimani kusema, "Mzee, unamaanisha ndiyo yenyewe, au inafanana nayo?" Maneno hayo yangetugharimu pumzi moja. Pili, tunaposahihisha, tusitosheke na kuandika "karibu" pembeni mwa jibu la mwanafunzi. Tumwambie karibu na nini, na kimebaki nini. Alama bila maelezo ni gorogoro iliyobonyea. Tatu, tuwafundishe kutofautisha usawa wa kupimwa na usawa wa kuahidiwa, ili wasije wakadai usahihi mahali pasipo na kipimo, wala wasije wakaleta mizani mahali panapodai heshima.

Mzee yule amekwisha fariki. Kijana hatukupata kumwona tena, na kama angali hai naye sasa ni mzee. Baiskeli yake, ikiwa ingali barabarani, huenda haina tena rimu wala usukani wa siku ile. Lakini tukiipindua tutaikuta namba chini ya fremu, nasi tutajua ya kusema. Tutasema kwa Kiswahili, kwa neno ambalo mzee alikuwa nalo na akalizuia kwa kuwa hakuwa na hakika: ndiyo hii.